Kabati la Nepi la Tsonka

Katika jengo letu hapa Ruse, Bulgaria, ukitaka kujua mtoto wako analia kwa nini, ulikuwa unamgongea Tsonka. Tangu usichana wake alifanya kazi kwenye kituo cha kulea watoto wachanga cha mtaa, akastaafia hapohapo, na nusu ya watu wanaopanda na kushuka ngazi zetu aliwahi kuwafunga nepi. Wengine sasa wana vipara na vitambi. Hakuwaachia wasahau. Alikaa kwenye benchi la mbele ya mlango na kuwakamata wakitoka kazini.

"We Lyubcho, usinipite bila salamu. Nimekufuta makalio mimi!"

Watu walicheka, naye Lyubcho alicheka pia, maana ilikuwa kweli.

Mimi ni Rumyana, mlango wangu unatazamana na wake. Mumewe alifariki zamani, akabaki na mwanawe mmoja, Krasimir, dereva wa lori za kwenda Austria. Krasimir alioa msichana mpole anayeitwa Ivelina, akamleta kwa mama. Ivelina alilelewa na baba yake tu. Mama yake alikwenda Ugiriki kutunza wazee wa watu alipokuwa bado hajaanza shule, akawa anarudi Krismasi na mabegi ya zawadi, kisha hata Krismasi akaacha. Jambo hilo lilijulikana na jengo zima, lakini hakuna aliyelitaja mbele yake.

Ivelina aliposhika mimba, Tsonka alitangaza kwamba kabati la nepi atanunua yeye. Sisi vitu vya mtoto haviingii nyumbani kabla mtoto hajazaliwa, na wenye maduka wanalijua hilo: unachagua, unalipia, kinabaki stoo kwao mpaka siku ya siku. Krasimir alikuwa safarini, kwa hiyo mimi ndiye niliyewapeleka na gari langu, Jumamosi, duka likiwa limejaa watu.

Ivelina alikwenda moja kwa moja kwenye kabati jeupe. Lilikuwa fupi na pana, droo chini, na juu mahali pa kumlaza mtoto pamezungushiwa kingo pande tatu, zenye kimo cha kiganja, na mkanda wa kumfunga kiunoni. Mtoto akikua, kingo unazifungua kwa bisibisi na linabaki kabati la kawaida. Alilipapasa, akavuta droo moja, ikatoka bila kelele. Nilimwona usoni kwamba alikuwa amekwisha kulichagua nyumbani, pengine wiki nyingi kabla.

"Hiki nini?" Tsonka akauliza. "Meza ya zahanati?"

Yeye alikuwa amesimama mbele ya jingine, refu, rangi ya mti wa jozi, linang'aa, lenye miguu ya kuchongwa. Juu palikuwa bapa kabisa, unatandika kigodoro basi.

"Hili hata mtoto akienda jeshini litakaa sebuleni," akasema.

"Mama, lakini hilo halina kingo."

"Kingo za nini? Unafuga mbuzi?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Msichana wa dukani akainamisha uso. Ivelina akawa mwekundu, lakini hakurudi nyuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba amesoma watoto huanguka, hata kwa mama waangalifu.

"Amesoma!" Tsonka akawageukia wale watu kama jamaa zake. "Mikononi mwangu hajaanguka mtoto hata mmoja, na nimewalea mtaa mzima. Wewe mwanangu nani angekuonyesha? Mama yako yuko Ugiriki anaosha vikongwe vya watu."

Sasa hakucheka mtu. Ivelina aliirudisha ile droo taratibu mpaka ikafunga.

"Sawa, mama. Chukua hilo."

Njiani Tsonka alizungumzia bei ya pilipili hoho. Nadhani alijua amepita kiasi, kwa sababu alizungumza mfululizo bila kupumua.

Mtoto alizaliwa mwisho wa kiangazi, msichana, wakamwita Kalina. Kabati likaja, likapandishwa ngazi na wanaume wawili wakitukana, likawekwa chumbani. Na nimpe Tsonka haki yake: alikuwa na mikono ya ajabu. Mtoto akilia hata kwa mama yake, Tsonka akimshika ananyamaza. Ivelina mwenyewe aliniambia, "Bila mama ningeshachanganyikiwa."

Kabla ya Krismasi, Ivelina alitoka asubuhi kwenda sokoni. Kalina alikuwa ameanza kujigeuza. Tsonka alimlaza juu ya kabati, akamfungua nepi chafu, akamfunga safi, kisha akakumbuka suruali ya sufi. Suruali zilikuwa droo ya chini kabisa. Akaweka mkono mmoja kifuani kwa mtoto, akainama, akavuta kwa mkono wa pili. Droo ikakwama. Ile droo ilikuwa inakwama tangu mwanzo. Akavuta tena, ikagoma. Basi akautoa ule mkono kifuani, akashika vishikio vyote viwili.

Mambo haya alinisimulia yeye mwenyewe baadaye. Alisema hakuona kitu, alisikia tu kishindo, kidogo, kama mtu ameangusha kitabu.

Kulikuwa na zulia. Mtoto alilia sana, akamkumbatia, akamzungusha chumbani, akambana kifuani, mtoto akanyamaza. Akamtazama macho, akamkunjakunja miguu na mikono, akampa kidole akakishika. Hakutapika. Ivelina aliporudi na mifuko ya kabichi, alimkuta Kalina amelala.

"Amekusumbua, mama?"

"Hata. Malaika."

Neno lilikuwa hilo tu. Alikuwa ameshafungua kinywa kusema jingine, aliniambia, lakini hilo ndilo lililotoka, na likishatoka kila saa iliyopita ilizidi kufunga mlango.

Kesho yake asubuhi Ivelina alikuwa akimvika mtoto kofia, vidole vyake vikagusa kitu nyuma ya sikio. Uvimbe laini, mkubwa kama nusu yai. Alinigongea mlango bila viatu.

"Rumyana, gari! Tafadhali, gari!"

Tsonka alikuja nyuma yake na begi la nepi mkononi, koti limefungwa vifungo upandeupande.

Hospitali walitupokea haraka. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, hana maneno mengi. Mlango wa chumba chake uliachwa wazi nusu, nasi wawili tulikaa kwenye viti vya korido, kwa hiyo tulisikia kila kitu.

"Ameanguka lini?"

"Hajaanguka," Ivelina akasema.

"Mama, uvimbe huu haujitokezi wenyewe. Ameanguka, au amegongwa, au kuna mtu amempiga. Nani anakaa naye?"

"Mimi. Mimi na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa mlezi wa watoto, hawezi..."

"Basi wewe?"

Kisha nikasikia Ivelina analia.

"Juzi nilimwingiza kwenye teksi. Labda nilimgonga na mlango. Sikuona, lakini labda... Labda ni mimi. Mimi sijui kulea, daktari, hakuna aliyenifundisha."

Nilimgeukia Tsonka. Sikuwa najua kitu bado, nilitaka tu kumshika mkono. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi mpaka midomo. Alikuwa amekumbatia lile begi na kutazama sakafu.

"Nitalazimika kuwaita watu wa ustawi wa jamii," daktari akasema. "Ndivyo sheria ilivyo. Mtoto wa umri huu, jeraha la kichwa, na mama hana maelezo."

"Mtamchukua?" Ivelina akauliza. Sauti hiyo bado naisikia.

Hapo Tsonka akasimama. Begi lilianguka, chupa ikabingiria korido nzima, hakuitazama. Akausukuma mlango.

"Ni mimi, daktari. Alianguka jana, juu ya kabati. Nilikuwa nafungua droo."

"Jana? Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na umekaa mpaka leo? Wewe uliyefanya kazi hiyo? Unajua kilichoweza kutokea usiku?"

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

Tsonka alivishika vile vifungo vya koti lake.

"Niliona aibu."

Daktari alimtazama, kisha akageuka kwenye karatasi zake, akaanza kuandika kuhusu picha ya kichwa. Hakumgombeza tena. Nadhani angemgombeza ingekuwa nafuu.

Picha ilikuwa safi. Walimweka Kalina pamoja na mama yake kwa uangalizi, kesho yake nikaenda kuwachukua. Tsonka alikuwa nami garini kwa sababu hakujua kama kutokuja kungeonekana vibaya zaidi. Ivelina alikaa nyuma na mtoto. Tulifika hadi mataa ya karibu na stesheni ndipo akasema.

"Mama, kuanguka ningekuelewa. Mtoto anaweza kuanguka. Lakini uliniacha niseme ni mimi."

Tsonka aligeukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Krasimir alipiga simu kutoka barabarani, na kuta zetu ni nyembamba, hata upande wangu nilisikia anavyofoka. Kabla hajarudi, Tsonka alifunga mzigo akaenda kijijini kwa dada yake. Alisema anakwenda kumsaidia na nguruwe wa Krismasi. Nguruwe akachinjwa, Krismasi ikapita, majira ya baridi yakaisha, yeye hakurudi. Nilimtembelea mara kadhaa. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesikia kazi yake ya zamani, wakamletea mjukuu mwenye vipele, na nilimwona kwa macho yangu akiweka mikono mfukoni.

"Mpelekeni kwa daktari. Mimi sijui."

Siku hiyo ndipo aliponisimulia yote, tukiwa tunamenya viazi.

Huku nyumbani Ivelina alimbadilishia mtoto nepi chini, juu ya blanketi. Kabati lilihamishiwa barazani, likajazwa chupa za pilipili za kusaga.

Kalina alitembea mwanzoni mwa vuli, kutoka kwenye kochi hadi magotini kwa mama yake. Wanawake wa ngazi zetu tulianza kuuliza lini mkate wa hatua za kwanza, ule ambao kwetu huokwa mtoto akianza kutembea. Ivelina akaniomba gari tena, tukaenda kijijini na mtoto. Tsonka alikuwa uani anaanua nguo. Alimwona Kalina amesimama kwa miguu yake, akabaki na shuka mkononi.

"Mkate nani ataoka, mama?" Ivelina akauliza.

"Wewe unajua kuoka."

"Anaoka bibi."

"Sina uso wa kupanda zile ngazi, mwanangu. Watu wote wanajua."

"Wanajua, ndiyo. Mimi pia najua. Vaa viatu, Rumyana ana haraka."

Sikuwa na haraka yoyote.

Aliuoka mkate, mviringo, umeumuka vizuri. Tulitandika kitambaa cheupe sakafuni, mwisho wake meza fupi yenye kitana, kalamu, mkasi na spana ya Krasimir, ili atakachoshika kibashiri kazi yake ya ukubwani. Tsonka aliubingirisha mkate, Kalina akaufuata akicheka. Katikati akajikwaa, akakaa chini puu. Na hapo chumba kizima, bila mtu kukusudia, kilimgeukia Tsonka. Hata mimi. Alirudisha mikono yake nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu, masikio yakawa mekundu. Kalina akajiinua mwenyewe, akavipita vitu vyote mezani, akaukamata mkate akaung'ata. Kila mtu akacheka na kupiga makofi.

Nilimkuta jikoni baadaye, anasugua sinia lililokwisha takata.

"Uliwaona walivyonitazama?"

"Niliwaona."

"Wana haki."

Tangu siku hiyo amerudi kuishi chumbani kwake. Krasimir huzungumza naye sasa, maneno ya lazima: supu iko wapi, funguo ziko wapi. Benchini hakai. Na Kalina akimkimbilia na kunyoosha mikono abebwe, Tsonka kwanza hugeuka na kumtafuta Ivelina kwa macho.

"Nimbebe?"

"Mbebe, mama," Ivelina humjibu kila mara, na kila mara Tsonka husubiri kidogo kabla ya kuinama.