Dume la Gehandu na Mashahidi wa Kompyuta

Mzee mmoja wa Gehandu alisema sitaweza. Alisema mbele ya watu, siku niliyokwenda kumwomba dume la kuuza nipate ada ya chuo.

"Mtoto wa Endagikot aliyeshindwa na ndama, leo anataka kuchunga mashine?"

Watu wakacheka. Naye alipomaliza kucheka, akanipa dume. "Nakupa kwa ajili ya marehemu baba yako. Yeye nilimwekea ng'ombe wangu akawatunza. Wewe sikujui."

Bibi yangu wa Bashay, dada wa bibi mzaa mama, alinipa mtamba. Mjomba alitoa kondoo wawili na kunionya nisimwambie mkewe. Wote walitaka kitu kimoja: nirudishe mnyama kwa mnyama.

Nilipata stashahada ya kompyuta Arusha. Kati ya vijana wa kwetu walioanza nami, wengine waliishia kuuza vocha za simu. Mimi nilimaliza, nikafanya kazi mjini, kisha nikarudi Mbulu kwa hiari yangu, jambo ambalo majirani hawaliamini mpaka leo. Ushirika wa wakulima wa vitunguu saumu ukanipa mkataba wa msimu mmoja kutunza kompyuta yao. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: msimu ukienda vizuri mkataba utaongezwa, na wanyama watarudi kwa wenyewe.

Msimu haukwenda vizuri. Bibi wa Bashay alileta mzigo wake, mizani ikaonyesha kilo thelathini na saba, karani akaingiza thelathini na saba. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, niliona. Siku ya malipo kompyuta ikasema mia tano arobaini na tisa. Aliyelalamika ni bibi mwenyewe.

"Mjukuu wangu, shamba langu na la jirani kwa pamoja hayatoi mzigo huo. Msiniletee balaa."

Mwenyekiti wa ushirika alinitazama mimi, akamtazama karani.

"Bibi ni wa kwenu. Karani mnakaa naye ofisi moja. Unataka nieleweje?"

"Elewa kwamba mashine ina hitilafu, mwenyekiti."

"Mashine haina shangazi, kijana. Mashine haina bibi."

Akatangaza kwamba Jumamosi wazee watakaa. Aliyeongeza kilo akijitaja, atatozwa faini. Asipojitaja, atalaaniwa bila kutajwa jina, na laana itamtafuta yenyewe. Kompyuta ingeuzwa. Kwetu mtu aliyeangukiwa na laana ya wazee haazimwi hata moto wa kuwashia jiko. Karani, msichana ambaye harusi yake ilikuwa imeshatangazwa kanisani, aliinamia meza akalia. Mimi sikulia. Nilirudi kwenye kiti changu nikaanza kazi.

Nilipitia namba za wakulima wengine, nikazilinganisha na stakabadhi za mizani. Mmoja alikuwa na kilo mia na ishirini, kompyuta ikampa mia sita thelathini na mbili. Mwingine arobaini, akapewa mia tano hamsini na mbili. Kila mara ongezeko ni lilelile: mia tano na kumi na mbili. Mwizi haibi hivyo, na kidole kilichoteleza hakikosei hivyo. Kompyuta huandika kila namba kwa sifuri na moja tu, na kila nafasi ina thamani yake. Thamani ya nafasi ya kumi ni mia tano na kumi na mbili. Kwa hiyo mahali fulani sifuri moja ilikuwa inageuka moja.

Nikaendesha programu ya kupima kumbukumbu ya kompyuta, kipande kinachoshikilia namba ndani yake. Kazi yake ni kuandika kitu katika kila nafasi, kisha kusoma kama kipo vilevile. Nafasi moja ilipewa sifuri ikarudisha moja. Nikairudia, ikarudisha moja tena. Fundi wa digrii angeiita kampuni kutoka mbali. Mimi niliupata ugonjwa kabla chai haijapoa.

Jumamosi niliwaonyesha wazee mstari mwekundu wa kosa kwenye skrini. Haukuwaambia kitu, kwa hiyo niliwaeleza kwa ng'ombe.

"Wazee wangu, ng'ombe akiwekwa kwa mtu, hakabidhiwi kimyakimya. Majirani wanaitwa waone rangi, pembe na alama ya sikio. Mtunzaji akija kusema alikuwa mweusi, mashahidi wanamrudisha kwenye ukweli. Kumbukumbu iliyomo humu haina shahidi. Sifuri ikigeuka moja, hakuna wa kusema."

"Na wewe unao hao mashahidi?" mzee mmoja akauliza.

"Ipo kumbukumbu ya aina nyingine. Kila shahidi ndani yake anaangalia nafasi kadhaa, anakumbuka kama idadi ya moja zilizomo ni shufwa au witiri. Nafasi ikigeuka, wanaoiangalia wanalalamika, wengine wananyamaza. Kwa kujua nani amelalamika na nani amenyamaza, mashine inajua nafasi ipi imekosea, nayo inaigeuza irudi ilivyokuwa."

Mashine yenyewe ilikuwa inakubali kumbukumbu hiyo. Aliyeiuza ndiye aliyeweka ya bei rahisi. Mwenyekiti alikubali kuinunua, akasema laana isubiri hadi mwisho wa msimu. Niliifunga kwa mikono yangu. Tuliingiza upya kila mzigo kutoka stakabadhi za mizani, na bibi akalipwa kilo zake thelathini na saba.

Katikati ya msimu mashine iliandika kwamba imekuta kosa moja na kulisahihisha. Nilimwita karani aone. Alisoma mara mbili, akasema tu, "Kumbe." Aliolewa baada ya mavuno, na laana haikutajwa tena. Mkataba wangu uliongezwa.

Mjomba alipata kondoo wake mkewe akiwa sokoni. Bibi alipata mtamba. Wa mwisho alikuwa mzee wa Gehandu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Alilizunguka dume nililomletea, akalifungua mdomo, akatazama meno. "Nimesikia habari za mashahidi wako. Wawili wakikosea kwa pamoja?"

"Mashine inajua kuna kosa ila haijui liko wapi. Inasimama, babu. Inakataa kusema uongo."

"Basi ina adabu kuliko watu."

Akaliingiza dume zizini. Alipotoka alikuwa anaswaga mtamba mwekundu, akawaita majirani wawili waje waone rangi yake na sikio lake.

"Huyu ni wangu," aliwaambia. "Ninamweka kwa huyu kijana."