Mzee Messod na Karamu ya Vifungua Mimba

Mzee Messod Benzimra, kumbukumbu yake na iwe baraka, alikuwa na duka la vifungo, zipu na nyuzi katika mtaa wa biashara wa Belém, kaskazini mwa Brazili. Kulikuwa na mambo mawili aliyoyapenda na ambayo hayakumwingizia hata senti: kuimba na kusoma Talmudi, vitabu vya sheria na mijadala ya marabi. Kuimba alianza utotoni, na sauti yake haikuwahi kunyooka hata siku moja. Talmudi alianza nywele zikiwa zimeshageuka nyeupe.

Alizaliwa Cametá, ukingoni mwa mto Tocantins, katika moja ya nyumba chache za Wayahudi zilizobaki biashara ya utomvu wa mpira ilipokufa. Rabi hawakuwa naye. Walikuwa na hati moja ya Torati ndani ya kabati la sebuleni, na baba yake Messod aliyejua sala zote kwa moyo. Messod akafundishwa herufi na namna ya kuziimba, basi. Maana hakuambiwa, naye hakuuliza, kwa sababu alihisi baba mwenyewe haijui na angeaibika.

Alikuja Belém kijana, akamwoa Reina, akafungua duka, akalea watoto. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alipitia sinagogi kusali, na kila asubuhi alisema maneno mazuri asiyoyaelewa. Kwa hiyo Rabi Nissim alipoanzisha darasa la Talmudi baada ya sala, Messod ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta kiti.

“Shemeji, wewe tena?” alisema Jaime, kaka yake Reina. “Humo hamna zipu, ujue.”

“Nitatafuta vifungo,” alijibu Messod.

Talmudi haisomwi na mtu peke yake. Husomwa wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akimpinga, mpaka jambo lieleweke au kahawa ipoe. Messod akapangwa na Jaime, ambaye alikuwa amesoma utotoni na alikuwa na mdomo. Walipewa juzuu fupi, lile linalohusu usomaji wa hadithi ya Malkia Esta. Lilikuwa fupi kwa wengine. Messod alilipita kwa kutambaa kama mtu anayevuka matope, neno baada ya neno, kidole kikiwa juu ya mstari. Jaime alimcheka kila siku na hakukosa hata siku moja.

Miaka ikapita hivyo. Halafu, majira ya mvua fulani, Rabi Nissim akapima kurasa zilizobaki, akatabasamu. “Mzee Messod, mkienda kwa mwendo huu mtamaliza karibu na Pasaka. Acheni mistari ya mwisho. Wewe utaimalizia asubuhi ya kuamkia sikukuu, mbele ya vifungua mimba.”

Siku hiyo Messod aliuza vifungo vyeusi kwa mteja aliyetaka vyeupe.

Asubuhi ya kuamkia Pasaka, kila mwanamume aliye kifungua mimba hufunga, kwa kuwa wazaliwa wa kwanza wa Israeli waliachwa hai kule Misri. Lakini mtu akimaliza juzuu la Talmudi asubuhi hiyo hiyo, hiyo ni furaha yenye karamu yake, na kifungua mimba aliyeisikiliza hukaa mezani akala. Messod alikuwa kifungua mimba. Mwanawe Davi, aliyeishi Manaus, alikuwa kifungua mimba pia. Maisha yake yote Messod alikula keki ya elimu ya mtu mwingine. Mwaka huu wangekula ya kwake. Davi alikata tiketi ya ndege bila kuulizwa mara mbili.

Sasa sikia alichokifanya. Mchana wa siku iliyotangulia mvua ilinyesha kama kawaida ya Belém, na mteja hakuingia. Messod akatoa juzuu lake chini ya kaunta ajizoeze, asije akakwama mbele ya mwanawe. Alikuwa ameweka alama ya penseli: hapa simama. Akaanza nyuma kidogo. Maneno yakaja yenyewe, mepesi, kama hayakuwahi kuwa magumu. Akawa anaimba. Akaipita alama kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake akiwa na mawazo, akafika neno la mwisho, akaendelea moja kwa moja na ile dua ya kuliaga juzuu na kuliahidi kwamba tutalirudia, macho kayafumba.

“Amina!” alisema Socorro, msaidizi wa dukani, Mkatoliki wa kweli kweli, aliyekuwa amesimama na boksi la utepe kifuani. “Imekuwa nzuri leo, Bwana Messod. Imekwisha?”

Messod akafumbua macho.

“Imekwisha,” alisema. Akakaa juu ya mzigo wa vitambaa. “Mungu wangu. Imekwisha.”

Nyumbani jikoni kulikuwa kumepinduliwa kwa usafi wa Pasaka. Reina alikuwa kapiga magoti ndani ya kabati, mgongo tu ukionekana.

“Reina, nimeharibu.”

“Umeleta mkate ndani? Nitakuua.”

“Nimemaliza juzuu.”

Reina akatoa kichwa. “Si kesho?”

“Ndiyo, kesho. Nimelimaliza leo. Dukani. Mbele ya Socorro.”

Mkewe akatoka kabatini. Alitaka kucheka, akauona uso wake, akaacha. “Basi kesho soma tena mistari ile ile. Nani atajua?”

Messod alielekeza kidole juu. Kisha akasema, “Na Socorro.”

Davi alifika jioni hiyo akamkuta baba yake anakula bila kuongea, jambo ambalo halikuwa la kawaida nyumba ile. Alipoelezwa, alimshika bega. “Baba, mjomba Jaime hajasoma mistari ya mwisho. Atamalizia yeye, na sisi tutakula. Hakuna hasara.”

“Hakuna,” alisema Messod. Lakini hasara ilikuwapo, na ilikuwa imekaa pale pale kati yao. Hakulala vizuri.

Asubuhi, sala ilipokwisha, vifungua mimba walisogea kwenye meza ndefu. Wanawake walikuwa wameandaa mayai, samaki, kahawa na keki mbili za ngano, keki za mwisho kabla ya sikukuu. Ngano ilikuwa na saa yake: jua likifika mahali fulani, hailiki tena mpaka Pasaka ipite. Kila mtu alikuwa na jicho moja kwenye keki na jingine kwenye saa ya ukutani.

Messod alisimama, akafungua juzuu, akalifunga. Akawaambia yote, pamoja na habari ya Socorro. Watu walicheka, si kwa ubaya, na kicheko hicho kilimuuma zaidi kuliko kama wangemlaumu.

“Basi Jaime atamaliza,” alisema Messod, akamsogezea kitabu.

Jaime akajipapasa mifuko ya shati. Akajipapasa ya suruali. “Bahati mbaya. Nimepoteza miwani.”

“Mjomba, iko kwenye paji la uso wako,” alisema Davi.

“Nimesema nimeipoteza! Kijana, huko Manaus hamfundishwi kuheshimu wazee?” Akamgeukia rabi. “Rabi, bila miwani mimi ni kipofu. Tafuta njia nyingine.”

Rabi Nissim alikuwa kijana kuliko wote wawili, na alijifunza zamani kutoingia kati ya mashemeji hao. Alivuta ndevu zake. “Mzee Messod, umesoma juzuu lote? Kila ukurasa, bila kuruka?”

“Kila ukurasa.”

“Si kweli,” alisema Jaime polepole, na safari hii hakukuwa na mzaha sautini mwake. “Matanga ya Alegria.”

Alegria alikuwa mdogo wake Messod, aliyebaki Cametá. Alipofariki, Messod alikaa sakafuni siku zake za maombolezo, na mfiwa aliyekaa sakafuni hasomi Torati wala Talmudi, kwa sababu masomo hayo huufurahisha moyo, na moyo wake si wa kufurahi. Darasa liliendelea bila yeye. Aliporudi, Jaime alimwambia kuna ukurasa umempita. Messod akasema atausoma. Hakuusoma. Kila alipoukaribia alimwona dada yake, akafungua mbele.

“Basi hujamaliza,” alisema Rabi Nissim, uso umemng’aa. “Jana uliliaga juzuu kabla ya wakati wake, hilo tu. Unao ukurasa. Usome sasa, uuelewe, na hapo ndipo utakuwa umemaliza.”

“Ukurasa mzima?” aliuliza mwanamume mmoja mnene, akitazama saa. “Mzee Messod akisoma ukurasa mzima, tutakula keki hii Pasaka ya mwakani.”

“Ukiona njaa, funga. Ndiyo sheria yenyewe,” alisema Jaime, akateremsha miwani machoni na kukaa karibu na shemeji yake. “Haya. Anza.”

Messod akaanza, na haikuwa kama jana dukani. Alikwama. Alirudi nyuma. Jaime alimpinga, naye akampinga Jaime, na vifungua mimba wakaanza kuegemea meza na kuchangia, kila mmoja na hoja yake na tumbo lake likinguruma. Ukurasa ulihusu vitu vitakatifu vikichakaa: ukiuza hiki ununue kipi, na kilichoisha ukiweke wapi. Reina na wanawake wenzake walikuwa wamesogea mlangoni.

Kisha Messod akafika mstari unaohusu kitambaa kinachofunga hati ya Torati. Kikichakaa, yaruhusiwa kukishona sanda ya maiti asiye na mtu wa kumzika, na kumvika maiti huyo ndiko kukihifadhi kwa heshima yake.

Akasoma tena, midomo ikitembea bila sauti.

“Umeelewa?” aliuliza Jaime.

“Ngoja kwanza.” Kidole chake hakikuondoka pale. “Ngoja. Kuna mchuuzi alizama Cametá, tulipokuwa wadogo. Myahudi, hakuna aliyemjua, hata jina. Maji yalikuwa yamefurika, maboti hayaji, na nyumbani hapakuwa na kitani. Alegria akachukua kitambaa cha zamani cha Torati yetu, kile kilichotoboka, akakishona usiku kucha akamvika. Baba alipojua alimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Akamwambia amemvua Mungu nguo akamvisha mzururaji.”

Hakuna aliyetazama saa.

“Dada yangu alibeba maneno hayo maisha yake yote,” alisema Messod. “Kila Siku ya Upatanisho alikuwa ananiuliza: Messod, wewe uko mjini, umewauliza wenye elimu? Nilifanya dhambi? Nami sikuuliza. Niliona haya kuuliza, kama nilivyoona haya kwa baba.” Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. “Na hapa imeandikwa. Alifanya sawasawa. Hakujua, ila alifanya sawasawa.”

“Baba yenu hakujua pia,” alisema Rabi Nissim kwa upole.

“Hakujua. Mungu amsamehe, hakuwa na wa kumuuliza.”

“Malizia, shemeji,” alisema Jaime. “Imebaki mistari michache.”

Akamalizia. Hakuimba kwa uzuri. Sauti iliyumba kama siku zote, na safari hii zaidi. Lakini kila neno lilitoka kinywani mwake, na alijua linasema nini. Aliliaga juzuu na kuliahidi kwamba atalirudia, watu wote wakaitikia amina, na Davi akaitikia kwa nguvu kuliko wote. Kisha Messod akasema kadishi, sala ya sifa ya waliomaliza masomo, na meza ikavamiwa.

Yule mwanamume mnene alikata keki kama anayezima moto. Davi akampa baba yake kipande kikubwa, wakasema baraka pamoja, wakala wamesimama, bega kwa bega. Messod alitafuna, akameza, akaomba simu ya mwanawe.

“Unampigia nani sasa hivi?” aliuliza Reina kutoka mlangoni.

“Cametá.”

Binti wa marehemu Alegria alipokea kule, nyuma yake sufuria zikigongana. Naye alikuwa anasafisha jiko.

“Mama yako alifanya sawasawa,” alisema Messod bila salamu. “Ile sanda ya mchuuzi. Imo humu, nimeisoma kwa mdomo wangu. Ukienda kaburini kwake, mwambie.”

Kule upande wa pili sufuria iliwekwa chini.

“Mjomba,” alisema binti, “unalia au unakula?”

“Vyote viwili, mwanangu,” alijibu Messod, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine cha keki kabla saa yake haijapita.