Injini Iliyotoka Karashani

Pikapu yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa injini. Nasema kila kitu nikiwahesabu na kuku wa mama, waliokuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ilisimama juu ya matofali nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Kalangalala. Kila jioni nikimaliza bodaboda niliwasogeza kuku, nikakaa, nikashika usukani, nikaenda safari. Bukombe nimefika mara nyingi sana bila kuwasha gari.

Mama alishachagua kiti chake. Anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, anavifuata Ushetu, na kurudi kwake ni juu ya magunia kwenye malori ya watu. Mgongo wake siku hizi unalalamika. Nilimwambia ipo siku atakaa mbele, afunge mkanda kama bosi. Tangu hapo kile kiti cha mbele hakukiruhusu mtu, wala kuku.

Basi nikapata injini ya dizeli. Zamani ilikuwa kwenye pikapu kama yangu, halafu ikahamishiwa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Huko ikanguruma miaka na miaka bila kwenda popote. Mwenye karasha aliponiuzia alinishika mkono. "Nimekuuzia injini. Matope yaliyomo tutagawana." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Fundi alikuja Jumapili, watu wakitoka misa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Usimvunje moyo mwanangu."

"Moyo siujui mama, mimi nafungua injini tu."

Alifungua bakuli la oili chini ya injini. Akachota tope jeusi kwa kidole, akakigeuza kidole juani. Kikametameta njano.

Jirani yetu alikuwa amekuja kuazima nyundo. Akaisahau. "Hiyo ni mali," alisema kwa sauti ya chini. "Vumbi la karasha miaka yote hiyo. Uza tope, ununue injini nzima."

"Au ni shaba ya beringi," fundi akasema. "Beringi zikilika sana ndiyo hutoa rangi hiyo. Na kama zimekula na kranki, huu mhimili unaozungushwa na pistoni, dogo, usiijenge hii injini. Peleka kwenye chuma chakavu."

Mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye dhahabu. Nilishampakia mama, tumeshapita Kahama.

Mama aliingia ndani. Alileta karai, maji na sabuni ya unga. Kabla sijazaliwa alikuwa anaosha mchanga wa dhahabu mwaloni, pale wachimbaji wanapooshea, na mikono haijasahau. Alilizungusha karai taratibu. Sote tulichuchumaa, hata fundi.

"Dhahabu ni nzito, inabaki nyuma," alisema. "Hii inakimbia na maji. Ng'wanone, mwanangu, hii ni shaba."

"Osha tena," jirani akaomba.

"Nitaosha mpaka karai litoboke. Chukua nyundo uende."

Nilikitazama kile kiti cha mbele, nikashindwa kumtazama mwenye kiti.

Fundi alitoa beringi moja, akaifuta upande wa nyuma, akasoma alama ya saizi. Akapitisha ukucha kwenye kranki, akaipima. Akarudia kuipima mpaka nikataka kumtikisa.

"Haijawahi kuchongwa," alisema mwishowe. "Hizi ni beringi za kiwandani. Zimekufa zenyewe, kranki zimeikwaruza tu. Ikichongwa mara moja itavaa beringi nene, itafanya kazi. Pistoni na ringi lazima mpya, vumbi limezimaliza. Itachukua muda. Viazi vya msimu huu havitapanda gari lako."

Nikamgeukia mama. Nikimkubalia fundi, ni msimu mwingine wa mama juu ya magunia.

"Ikipona itanibeba?" mama akamuuliza.

"Itakubeba mama. Mwanzoni polepole, mpaka izoee."

"Mimi na mbio tulishaachana. Ijengeni."

Kesho yake niliipeleka kranki kuchongwa, nimeifunga nyuma ya pikipiki. Mama aliivika kitenge chake isipate mchanga, na njiani mwanamke mmoja aliniambia niangalie, mtoto anaanguka.

Nilipitia kwa mwenye karasha na nusu ya tope kwenye chupa, tulivyokubaliana. Nilimweleza ni shaba. Alilitazama juani, akanishukuru sana, akaingia nalo chumbani.

Jioni nilimkuta mama amekaa kwenye kiti chake, mkanda amefunga. Akawasogeza kuku nipate kukaa.

"Haya, twende," alisema. "Lakini polepole."