Mwalimu Aliyetutafsiria Sinema

Wiki iliyopita binti yangu wa mwisho alikuja kunitembelea hapa Ngara mjini, akaleta flashi yenye filamu mbili zilizotafsiriwa, zile ambazo sauti ya kijana wa Kiswahili inafunika sauti za Wazungu. Ya kwanza ilikuwa ya wezi wa benki. Hiyo niliipenda, nisikufiche. Wale wezi walikuwa na adabu ya kazi: mmoja dereva, mwingine fundi wa makufuli, mwingine kazi yake kupendeza tu na kumzubaisha mlinzi, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Walipokamatwa nilisikitika kama vile ni watoto wa dada yangu. Ya pili ilikuwa ya vita, na ilinichosha. Milipuko kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini sikuona mtu akichemsha maharage, wala akijikuna chawa, wala akiulizia habari za nyumbani.

"Hawa hawana mama zao?" nikamwuliza binti yangu.

"Mama, wewe angalia tu."

Nikaangalia, ila mawazo yalikuwa yameshafika Rulenge nilikokulia.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa nyuma ya kilima, si mbali na misheni. Tulihamia pale nikiwa mdogo, nyumba zikapangwa kwa mistari kama madawati, na asubuhi rimu ya gari iligongwa kuwaita wakubwa kwenye shamba la kijiji. Sisi watoto tuliteremka bondeni kuchota maji, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, tukapanda na ndoo kichwani huku maji yakitudondokea shingoni. Nilikaa na bibi yangu. Alinukia moshi na siagi ya ng'ombe, na ndizi zake za maharage sijapata kuzionja tena mahali popote.

Jumapili moja moja, baada ya chakula cha mchana, padri wa misheni alituonyesha sinema. Walitundika mablanketi kwenye madirisha ya ukumbi ili giza liingie, shuka jeupe likafungwa ukutani, na jenereta ikaanza kunguruma nje. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Mtafsiri wetu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Alisimama kando ya shuka, akatupa maneno kwa Kiswahili, na mambo yakipamba moto alihamia Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, bila kujijua. Siku ya filamu ya wezi, katibu wa kijiji alikasirika kwa sababu ukumbi mzima uliwashangilia wezi. Mwalimu akamtuliza: "Ndugu katibu, hawa wanaiba kwa ushirika." Tulicheka mpaka padri, ambaye hakuelewa, akacheka pia.

Kisha redio ikasema nduli wa Uganda amevuka mpaka. Vijana wa mgambo wakaondoka na lori, wakiimba. Mwalimu alikuwamo. Alikuwamo pia mtoto wa pekee wa mama jirani yetu, kijana aliyekuwa akitusaidia kupasua kuni. Vita vilipokwisha mwalimu alirudi. Kijana hakurudi, na hakuna habari yoyote iliyofika. Mama jirani hakulia, maana angemliliaje mtu ambaye hajaambiwa kama amekufa? Kila jioni alimwekea chakula chini ya kawa. Nasi tuliona kwamba mwalimu, kila alipotoka shule, alizunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya mlango wake.

Sabuni ilikuwa imeadimika na chumvi pia, lakini sinema zikarudi. Jumapili ya kwanza ilikuwa filamu ya vita. Sidhani padri alikuwa na nyingine. Tulijaa ukumbini, bibi na mama jirani mbele, mimi kwenye mkeka miguuni mwao. Askari wenye kofia za chuma wakatokea kwenye shuka, wanatembea kwenye tope, midomo yao inacheza. Mwalimu alisimama mahali pake, kimya.

"Mwalimu, wanasema nini?" mtu akapaza sauti.

"Hawasemi kitu," akajibu.

Midomo iliendelea kucheza. Watu wakaanza kunong'ona. Hapo bibi yangu akaegemea mbele.

"Mwacheni apumzike. Mimi nitawaambia. Yule mfupi anamwuliza mwenzake, nyumbani kwenu leo wamepika nini?"

"Bibi, Kiingereza umejifunza lini?" mtu wa nyuma akauliza.

"Kiingereza sikijui. Lakini yule mtoto ana njaa, hamuoni?"

Watu wakacheka, na bibi akaendelea kwa Kihangaza. Mmoja alimpa mchumba, mwingine alisema viatu vinambana. Kila askari kwenye lile shuka akawa mtoto wa mtu. Halafu mlipuko ukatokea na yule mfupi akaanguka. Bibi akasema polepole, "Huyu amelala. Wenzake watamfunika."

Filamu ikarukia kwingine. Mama jirani akauliza, "Na walimfunika kweli?"

Bibi akageuka kumtazama. Sauti ikatoka kando ya shuka.

"Tulimfunika, mama. Mimi mwenyewe nilikuwapo."

Sikuelewa mara moja. Niliona mkono wa bibi ukiushika mkono wa mama jirani, nikaelewa. Mtu akalivuta blanketi la dirisha moja, mwanga ukaingia, na mwalimu akavuka ukumbi mbele ya macho yetu sote, akapiga magoti mbele ya yule mama. "Shikamoo, mama," akasema. Mama akamwekea mkono kichwani. "Marahaba. Twende nyumbani ukanieleze yote."

Jioni hiyo kilio kikaanza, hatimaye. Watu wakaleta maharage, ndizi na kuni, wanaume wakakaa nje kwenye moto, na mwalimu akakaa mlangoni kama mtoto wa nyumba ile. Na kweli alikuja kuwa hivyo: kila msimu wa mvua alimlimia shamba lake kabla ya kulima la kwake, mpaka yule mama alipofariki.

Siku hizi ule ukumbi haupo, wamejenga darasa. Mwalimu amekwisha kutangulia, na bibi pia, naye padri alirudi kwao. Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi sinema zilivyokuwa baadaye. Mwalimu alirudi kututafsiria, na mama jirani aliendelea kuja, akizipenda sana za wezi. Lakini bunduki zikianza kulia alisimama, akajifunga kanga yake vizuri na kuanza kutoka, taratibu, maana magoti yalimsumbua. Padri alizima mashine, bunduki zisimfuate. Ukumbi mzima, wazee na watoto, tulikaa gizani bila mtu kunung'unika, tukimsikiliza akitembea mpaka alipofika nje.