Kiti cha Mama wa Mihogo

Leo nimemwonea wivu mmisionari mwenzangu kwa sababu ya shikamoo.

Sisi wamisionari wa Kimormoni hutembea wawili wawili. Mwenzangu ni Mzungu, ana miezi mitatu tu Mombasa.

Jioni tulisimama bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kwa mama mmoja anayekaanga mihogo. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho.

Mwenzangu naye akasema, "Shikamoo, mama."

Yule mama akamshika mkono. "Marahaba, mwanangu. Krismasi hii u mbali na mamako? Maskini."

Akamwongezea mihogo.

Mimi nikaambiwa nisogee, nazuia wateja.

Jamani, nami nimetoka Mwanza. Ila sura yangu haimsikitishi mtu.

Nikajikuta nasema, "Hata mimi mama yangu yuko mbali."

"Kwani wewe si wa hapa hapa, Kisauni?"

"Wa Mwanza, Tanzania. Hii ni Krismasi ya pili sijamwona."

Akafuta mikono kwenye leso.

"Nisamehe, mwanangu. Kaa hapa ule."

Akanisogezea kiti chake mwenyewe.

Mwenzangu alikula amesimama, akinitazama. Sikumpisha.

Nyinyi mngempisha?