Mama Aliyetaka Diski Isiyofuta

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuyasikia barazani. Ukitaka kucheka, cheka.

Nilikuwa fundi kompyuta Lindi mjini, miaka ile bidhaa za Dubai zilipoanza kujaa madukani na kila mwenye uwezo akataka kamera nyumbani. Adhuhuri moja akaingia mama wa makamo, kajitanda kanga. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alitaka kompyuta ya kurekodi chumba kimoja tu. Mumewe, alisema, kapooza, naye anataka kumwona hata yeye akiwa jikoni.

Nikamshauri kama wengine: kwa kamera moja asihangaike na prosesa kubwa, anunue kadi nzuri ya kupokea video, na betri ya kushikilia umeme ukikatika. Alinisikiliza tu. Swali lake lilikuwa moja.

"Diski itatunza siku ngapi?"

Wiki, nikamwambia, kisha inafuta za zamani. Akakataa. Alitaka kubwa kuliko zote, isiyofuta kitu, na maikrofoni juu yake. Nami nilitaka kuuza, sikuhoji.

Nyumbani kwake nikamkuta kweli mzee kitandani, macho yamemtoka, midomo imekauka. Nikafunga kamera ukutani, nikarudi sebuleni kuwasha kompyuta. Yule mama akaingia chumbani ili tujaribu picha.

Niamini, kwenye kioo cha kompyuta hakuwemo. Nilimwona mzee peke yake, na kikombe cha maji kikiondoka mezani kando yake, kikaelea, kikamwagika sakafuni. Kisha nikasikia sauti ya mzee kwenye spika.

"Fundi, usiniache na huyu. Nilimzika mwenyewe."

Mama akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akaketi mbele ya kioo kama anayesubiri taarabu.

"Mimi alinifungia humo siku tatu bila maji," akasema. "Akawaambia watu ni homa. Nataka siku zake nizione zote, tena na tena."

Nilikimbia, nikaacha hata bisibisi.

Sasa utaniuliza, nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Ningekuambia nani angeniamini, lakini huo ungekuwa uongo. Ukweli ni kwamba nilijisemea moyoni: alimfungia mwenzake, naye aonje.

Siku ya nne nikaenda na balozi wa mtaa. Tukavunja mlango wa chumba. Mzee alikuwa amekufa, ulimi mweusi, na ufunguo ulikuwa ndani. Majirani wakaapa mkewe alizikwa zamani, na hakuna mwanamke aliyekanyaga nyumba ile tangu hapo. Kompyuta ilikuwa bado inarekodi. Nikafungua rekodi. Siku mbili nzima mzee aliita "Fundi, fundi," mpaka sauti ikawa mkwaruzo.

Balozi akaniuliza nilikuwa wapi. Nikajibu nilisafiri Rondo.

Diski niliipasua kwa nyundo. Ufundi niliacha. Lakini tangu siku ile maji hayanikati kiu. Nakunywa ndoo nzima, koo linabaki kavu, na madaktari hawaoni kitu.

Kwa hiyo nakuasa, wewe unayenisikiliza: ukimwona mtu anateswa, usikae kupima kama anastahili. Mfungulie mlango kwanza. Mimi nilikaa nikapima, na huyo mama siku hizi hukaa kwangu, mchana kweupe, akinitazama ninavyokunywa.