Kilichoitikia Dukani kwa Eunike

Eunike ana duka la steshenari hapa senta, Mwika, mlango wa pili kutoka kwangu. Mimi nauza mchele wa Mabogini. Yeye anachapa, anatoa kopi na kuwajazia watu maombi kwenye mtandao. Alipofika sikumpenda, maana alikataa kunipunguzia bei ya kopi hata nilipomkumbusha ujirani. Baadaye nikaona ni mtu wa kazi, nikamwacha na bei yake.

Mumewe ni mpagazi wa mlimani. Wageni wakipungua anarudi kukata majani ya ng'ombe, na nyumba inabaki mgongoni mwa lile duka. Duka nalo lilikuwa limeshikiliwa na kazi moja, ya chama chetu cha kahawa, ya kuandikisha wanachama wote upya kwenye kompyuta: jina, shamba, namba ya simu, picha. Mwenyekiti, mzee Eliezeri, alimpa Eunike kwa sababu wazee wa huku hawataki kushuka Moshi mjini kukaa kwenye foleni.

Sasa kuna Mwalimu Godlove, anayefundisha kompyuta sekondari. Jumamosi moja alikuja dukani na laptopu yake kutumia waifai. Ana programu anayoipenda sana. Ukiifungua inapiga hodi kwenye mtandao mzima: nani yuko hapa, na anafanya kazi gani? Kila mashine inaitika. Ruta iliitika, printa ikaitika, kompyuta mbili za Eunike zikaitika. Halafu kikaitika kitu kingine chenye jina UT-17, kikasema kazi yake ni kupima utendaji.

"Dada Eunike," Mwalimu akasema, tena kwa sauti ya darasani, "hapa kwako kuna huduma inayopima watu."

"Inapima nini?"

"Utendaji. Nani anafanya nini, kwa kasi gani."

"Mimi nimenunua printa, Mwalimu. Sijanunua kipimo."

Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakisubiri picha waliangaliana. Mmoja akarudisha simu yake kwenye kifua cha gauni, akakumbuka ameacha maharage jikoni.

Hayo yangeishia pale. Lakini kwetu ibada ikiisha hatutawanyiki. Sadaka za shambani, ndizi, mayai, jogoo, zinanadiwa nje ya kanisa, na mwenye neno analitoa hapo, watu wote wamesimama. Mwalimu akalisimulia kama jambo la kitaalamu tu. Mkungu wa pili wa ndizi ulipouzwa, habari ilikuwa Eunike ana mashine inayonyonya namba za siri za simu. Ulipouzwa wa tatu, alikuwa ameshaziuza kwa Wakenya.

Jumatatu benchi lilikuwa tupu. Mzee Eliezeri akaja na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Eunike, watu wangu hawataki kuleta namba zao hapa. Mpaka Jumapili uniambie hicho kitu ni nini, na ni cha nani. La sivyo kazi inakwenda mjini."

"Mzee, mimi mwenyewe sikijui."

"Ndiyo maana nimekupa mpaka Jumapili."

Eunike alimpigia fundi wa Moshi aliyemfungia ruta. Fundi akasema futa kila kitu, anza upya. Afute na majina ya wanachama aliyokwisha kuyaingiza? Akakata simu. Akamwita Mwalimu, na Mwalimu, niseme haki, alikuja kila siku baada ya vipindi. Eunike anazima kompyuta moja, Mwalimu anapiga hodi yake: UT-17 bado ipo. Anazima ya pili: ipo. Wakaishuku printa, maana ilikuwa ya mtumba. Wakaichomoa. Ipo.

"Labda iko ukutani," Eunike akasema.

"Haiwezi kuwa ukutani."

"Basi niambie iko wapi, si wewe mwenye elimu yake?"

Mwalimu akapiga hodi tena. Eunike akaifunika printa kwa kanga, na haikumsaidia kitu. Nilimuuliza kwa nini hasa kanga. Akasema hata yeye hajui, ila anajisikia vizuri zaidi ikiwa imefunikwa. Nilianza kuhesabu moyoni nani angepanga kile chumba akiondoka. Muuza dawa za mifugo angemlipa mwenye nyumba vizuri, lakini dawa zinanuka, na mimi nina mchele.

Alhamisi mchana mvua ilikuwa ikitoka mlimani na umeme ukakatika. Nilikuwa nimeingia dukani kwake kusubiri ipungue. Kompyuta zikazima, printa ikazima chini ya kanga yake. Ruta tu ilibaki inawaka kwa betri yake ndogo, na laptopu ya Mwalimu. Eunike alikuwa ameshaingia chini ya meza kufuatilia nyaya, amepiga magoti kwenye vumbi.

"Angalia sasa," akasema kutoka kule chini. "Imekufa?"

Mwalimu akabonyeza. "Ruta ipo. Na UT-17... ipo."

"Ruwa, Mungu wangu! Inakula umeme wa nani?"

Mwalimu akainyanyua laptopu mikono miwili, akaiinua juu kuisogeza mlangoni penye mwanga. Eunike akawa anaiangalia kwa chini. Hakutoka chini ya meza.

"Mwalimu, simama hapo hapo."

"Nini?"

"Tumboni kwa laptopu yako kuna karatasi imegandishwa. Imeandikwa nini?"

Akaigeuza. Ilikuwa imechakaa na kona moja imebanduka, lakini hata mimi nilisoma bila miwani: UT-17.



Mwalimu akaizima laptopu kabisa. Eunike akachukua simu yake, akaweka programu ile ile, akapiga hodi. Ikaitika ruta tu. Mwalimu akawasha yake. UT-17 ikaitika. Wakarudia mpaka nikachoka kutazama.

Laptopu hiyo Mwalimu aliinunua Tarakea mpakani, kwa wale wanaovusha mashine za ofisi zilizokwisha kutumika. Alieleza hivi: huko ofisini wakubwa waliweka kipimo kwenye kila mashine, kiwe kinawapelekea taarifa za utendaji. Walipoziuza wakasahau kukitoa. Kwa hiyo kila ikiingia kwenye mtandao inajitangaza na kuitafuta mashine kubwa ya wale wakubwa.

"Sasa hapa ilikuwa inampima nani?" Eunike akauliza.

"Kwa ninavyoona... mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu. Kasi ya mashine yangu."

"Na taarifa anapelekewa nani?"

"Hakuna. Hakuna anayeipokea."

Eunike aliketi sakafuni. "Sielewi," akasema. Mwalimu naye akasema hata yeye haelewi vizuri kwa nini hakujitazama kwanza. Alidhani anayepiga hodi hawezi kuwa ndiye anayeitika.

Ijumaa asubuhi alikuja na jani la isale amelifunga fundo, kama tunavyoombana radhi huku. Isale ukiletewa huikatai. Eunike akaipokea, akaichomeka juu ya mlango.

"Sina neno na wewe tena, Mwalimu. Lakini yale uliyasema mnadani."

"Dada, nitakwenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake leo leo. Tuyamalize kimya kimya."

"Mwenyekiti atanyamaza kimya kimya. Watu wake je?"

"Wanafunzi wangu watakuwepo pale kanisani."

"Na wiki iliyopita walikuwepo."

Mwalimu akanigeukia. "Mama Hellen, nisaidie kuongea naye."

"Bei uliitangaza hadharani," nikamwambia, "unataka kuishusha uchochoroni? Mimi nisingekubali."

Jumapili alikuja kanisani na suti. Ibada ikaisha, Fredy mnadishaji akanyanyua jogoo mwekundu, na kabla hajataja bei Mwalimu akasogea mbele akaomba dakika moja. Alichukua nyingi. Alieleza mtandao, alieleza huduma, alieleza jinsi mashine zinavyotafutana. Watu walikuwa wanamtazama jogoo. Mwishowe bibi mmoja akaita kutoka nyuma:

"Mwalimu, tufupishie. Hicho kitu ni cha nani?"

"Changu."

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye begi langu."

"Na Eunike?"

"Hakuwa nacho. Hajawahi kuwa nacho."

"Haya, jogoo anaendelea!" Fredy akasema, na watu wakacheka. Mwalimu akaishia kumnunua yule jogoo kwa bei ambayo mimi nisingetoa hata kwa mbuzi.

Mzee Eliezeri alimsubiri Eunike getini.

"Kesho nawaleta wa kitongoji cha juu," akasema. "Sijaelewa hata nusu ya yale maneno. Begi nimelielewa."

Jumatatu benchi lilijaa, isipokuwa wanawake wawili ambao hadi leo wanakwenda mjini. Saa ya chai Eunike alikuja kupima mchele, amekunja uso.

"Mama Hellen, kitu kinaita, hakuna anayekipokea. Kwa nini hakinyamazi?"

Nikamwambia mimi nauza mchele, aseme anataka kilo ngapi. Akachukua tano, akataka nimpunguzie. Nikamkumbusha zile kopi.